Kisu Yangu Mama Aliikataa

Bandugu, mimi Issa, kazi yangu ni kuchinja kuku kwa soko moja ya hapa Beni. Mukisikia naongea na kasirani, mujue najikasirikia mimi mwenyewe. Zamani nilikuwa mutu safi. Hata Bakatoliki balikuwa bananiletea kuku za ndoa, juu mugeni Muislamu akule bila wasiwasi. Mama yangu alijivunia ile kazi kuliko mimi.

Lutuku, ile pombe kali ya mihogo, niliianza juu ya jino. Iliniuma, rafiki akaniambia: "Sukutula na lutuku, itatulia." Nikasukutula, nikameza. Jino ilipona, lakini mimi nikaendelea. Nilikuwa nakunywa nyuma ya choo ya soko, katikati ya mainzi, kiisha narudi kuchinja kwa jina la Mungu na kinywa yenye kunuka vile. Hata kuisema inanichafua roho.

Mwili ikaharibika. Natapika maji ya kijani, naharisha ndani ya suruali. Mikono inatetemeka, kuku anaponyoka na shingo nusu. Siku moja nilitapika juu ya nyama ya kuku ya muteja moja. Niliiosha, nikamupatia, akanishukuru. Uchafu gani ule!

Siku ya Idi nilichinja kuku ya nyumbani nikiwa mulevi. Mama akanusa mikono yangu. "Huyu kuku amekufa tu, hapana kuchinjwa," akasema. Akamutupia imbwa mbele ya batoto yangu.

Dada yangu akanipeleka Butembo, kwa centre moja ya kutunza balevi kule Bulengera. Munganga akaniambia: "Ini imevimba. Ukikunywa tena, bandugu batakuzika." Siku za kwanza nilitokwa jasho yenye kunuka, nikaona wadudu kwa ukuta, nikalia. Nilikaa kule miezi mingi.

Nilifikiri nikirudi batanikumbatia. Mama alinisimamisha kwa mulango. "Fungua kinywa." Akanusa. Kesho yake tena, kesho yake tena, miezi na miezi, kinywa na vidole.

"Mama, mimi ni mutoto?"

"Mutoto hapana kunuka vile ulikuwa unanuka."

Nilikasirika, kiisha nikazoea.

Hii Idi imepita, mama mwenyewe alileta kuku, akamushika miguu. Alininusa mara mbili. Nilichinja, mikono haikutetemeka. Akapika, akakula bawa polepole, akasema: "Iko muzuri." Nililia kwa meza, sikuona haya.

Bibi yangu, mama ya batoto yangu, alisukuma sahani, akakula sombe ya majani ya mihogo na bugali tu. Iliniuma sana. Nikataka kumuuliza: mama amekula, wewe ni nani? Kiisha nikaangalia mikono yake. Ile suruali zangu zote, yeye njo alikuwa anazifua.

Alhamdulillah, niko muzima, na ninamushukuru mama mwenye alikataa kudanganywa. Wewe mwenye umeacha pombe, hapana kuomba batu ya kwako bakuamini mbio. Acha bakunuse. Bibi yangu hajakula nyama yangu mupaka leo, na mimi sina kinywa ya kumuuliza sababu.