Kaunsela Aliyenipita Kama Gogo

Marehemu mama yangu alikuwa mtu wa Mbeere, huko chini Embu kwenye joto, na baba alikuwa wa huku kwetu Tigania. Mara moja kwa mwaka tulipelekwa kwao mama kusalimia, na kusalimia ndiko kulikotumaliza. Mama akishuka barabarani, hakuna mtu wa kupitwa. Watoto hawajambo, mvua imefika, yule ng'ombe wa pembe moja alizaa? Baba anasimama mbele na kikapu, anapumua kama fahali. Safari moja tulimbebea nyanya jogoo, na mama akakutana na mtu waliyesoma naye katekisimu. Wakimaliza, jogoo ameshakufa kwa jua.

"Salamu zako zimekula jogoo," baba akasema.

"Afadhali jogoo afe kuliko mtu apitwe kama gogo."

Neno hilo nilikaa nalo miaka yote bila kujua lina kazi gani, mpaka uzee huu, nilipopitwa kama gogo mimi mwenyewe, kwa soko ya Kianjai, mbele ya nyama yangu.

Mimi ni mtu wa bucha. Shule niliacha nikijua kuandika jina langu na kusoma mizani, na imenitosha. Mke wangu alipokufa, fahali wa matanga nilimchinja mimi, sikutaka mtu aharibu ngozi. Hapo ndipo mambo yaliharibika. Tangu siku hiyo, nikishika kisu, machozi yanashuka. Silii, ni machozi tu. Wateja nikawaambia ni moshi wa nyama choma. Lakini moshi utausingizia mpaka lini? Na wewe fikiria, nani atanunua nyama kwa mzee anayelia akiwa ameshika panga? Watasema kichwa kimeruka, na bucha imekwisha.

Binti yangu akaniambia kuna kaunsela, msichana aliyesomea mambo ya mawazo, pale kliniki nyuma ya soko. Nikaenda nimefunga maini kwa gazeti, watu wadhani napeleka nyama. Maini akakataa! Eti kazi yake haimruhusu kupokea kitu kwa mtu anayemhudumia. Ikawa naenda na maini, narudi na maini. Nikiulizwa, nasema kule hawana jiko.

Nisimseme vibaya, kusikiliza alijua. Simu haangalii. Nilimwambia mambo ya marehemu ambayo hata padri hajui. Sasa, siku ya kwanza alinisomea masharti mengi, na moja ni hili: "Baba, tukikutana huko nje sitaanza kukusalimia, ili watu wasijue unakuja hapa. Ukinisalimia wewe, nitaitika." Nikasema sawa, vile mtu husema sawa kwa daktari.

Basi siku ya soko ikafika. Huyo anakuja na kiondo. Anasalimia muuza viazi, anasalimia fundi wa viatu, anasalimia hata mlevi aliyelala kwa magunia. Kufika kwangu, akaangalia mguu wa ng'ombe uliokuwa umening'inia, akapita. Na mimi nianze kumsalimia msichana wa umri wa mjukuu wangu, watu wakiona? Nikaendelea kunoa kisu.

Jirani yangu hapo ni mama wa nyanya, na huyo hapitwi na kitu.

"Mzee wa nyama, umemfanyia nini mtoto wa watu?"

"Labda hakuniona."

"Hakukuona? Na tumbo hilo?"

Soko lililofuata, vile vile. La tatu, mama wa nyanya akaegemea meza yangu, sauti ameishusha kwa uongo, maana kila mtu alisikia. "Nimejua. Huyu anasalimia soko yote isipokuwa wewe na yule dereva wa lori. Na dereva, bibi yake alituambia mwenyewe, anatibiwa mawazo. Sasa wewe, mzee, una mawazo gani?"

"Ya nyanya zako zilizooza!"

Watu wakacheka. Lakini mwenye hoteli, yule anayechukua nyama kwangu kila asubuhi, hakucheka. Aliangalia kisu, akaangalia macho yangu.

Nikaenda kliniki bila maini. "Msichana wangu, nisalimie!"

"Baba, tulikubaliana..."

"Sharti hilo ulifunzwa wapi?"

"Nairobi."

"Nairobi nani husalimia nani? Hapa mtu asiyenisalimia ni adui yangu ama ni daktari wangu, na maadui zangu wote wanajulikana! Mimi na yule dereva umetuanika."

"Dereva gani?" Uso mkavu kabisa. Nilikasirika, na hapo hapo nikajua siri yangu iko kwa mtu anayejua kuitunza.

"Ni kweli, baba. Hilo sikulifikiria. Pole sana. Unataka nikusalimie?"

"Hata sasa!"

"Basi ngoja kidogo. Kuna wengine wanaokuja hapa, lazima niwaulize kila mmoja. Na nishauriane na msimamizi wangu, yuko Embu."

"Salamu inaulizwa Embu?"

"Si salamu, baba. Ni siri zenu."

Embu wakafikiria majuma mangapi sijui. Mama yangu wa Mbeere angekuwa ameshasalimia wilaya nzima.

Mwishowe, siku ya soko, huyo na kiondo chake. Viazi, viatu, mlevi. Akaja moja kwa moja kwangu, mkono mbele, salamu ya kwetu mdomoni. "Muga, baba! Umeamkaje?"

"Muga mono!" Nilimshika mkono kwa mikono miwili, na mafuta ya nyama yakiwa hapo. Akacheka, akaenda zake.

Mama wa nyanya akapanda juu ya kreti. "Haki! Amesalimiwa! Mzee wa nyama amepona!"

Soko ikapiga makofi. Mwenye hoteli, aliyekuwa anangoja nyama yake, akanipiga bega. "Hongera, mzee. Tulikuwa tunaogopa hicho kisu."

Machozi yakaanza kushuka, na safari hii hakuna choma iliyokuwa motoni. Kumbe salamu niliyoidai ndiyo iliyonianika. Nikaweka kisu juu ya gogo la kukatia. Nikavua koti jeupe, nikalitundika kwa ndoano pamoja na nyama.

"Na kilo zangu?" mwenye hoteli akauliza.

"Jikatie."

Nikampita mama wa nyanya bila kumsalimia, nikashika njia ya nyumbani, na bucha ile sijairudia.