Korongo Kichwa Chini

Siku niliyokata blauzi nane za kwaya ya akina mama wa Butiama, ndege korongo wa kwenye kitenge wote wakaishia miguu juu vichwa chini, mimi nilikuwa najiona nina bidii kweli kweli. Nilikuwa naimba. Mkasi unakwenda wenyewe, na kichwani nimejaza watu kama stendi siku ya mnada.

Nilikuwa mwaka wa pili kwenye chumba cha ushonaji hapa Mwisenge, kwa mama mmoja ambaye wateja humwita Mama Fundi. Shule niliishia kidato cha pili, na sikulia sana, kwa sababu tangu utoto nilikuwa naota kuwa na duka langu la nguo pale Iringo, lenye kioo kirefu na kiti cha mteja kinachozunguka. Kile kiti nilishakichagua hadi rangi. Mwezi ule ndiyo kwanza Mama alikuwa ameniruhusu kukata. Kushona kila mtu anaweza kujifunza, kukata unaaminiwa. Ukikosea kushona unafumua. Ukikosea kukata umekata.

Sasa kitenge kile kilikuwa na korongo wakubwa, wamesimama kwenye maji. Kitambaa cha namna hiyo kina juu na kina chini, na fundi lazima akague picha kabla ya kupiga chaki. Mimi nilipanga vipande kimoja juu ya kingine ili nikate blauzi zote kwa mkupuo mmoja, kama alivyonifundisha Mama. Ila nilipanga huku nawaza mguu wa mama yangu, nawaza pamba ya shangazi kule Bunda iliyonyeshewa, nawaza jirani yetu wa Kitaji aliyenuniana na mumewe, nawaza kama dada wa saluni alinikasirikia au alikuwa amechoka tu. Simu nayo inalia kila dakika, nipo kwenye magrupu kumi na saba, mengine sijui hata nani aliniingiza. Kila mtu akiniambia jambo lake, mimi nalichukua lote. Naliweka moyoni kama nimepewa nilitunze.

Mama alishika blauzi ya kwanza, akainyanyua mlangoni kwenye mwanga. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Binti."

"Abee, Mama."

"Hawa ndege wamekunywa nini?"

Wenzangu wawili wa kwenye cherehani waliinama kucheka. Mimi nikatazama, nikaona miguu ya korongo imeelekea kidevu cha mtu ambaye bado hajaivaa. Nikakaa chini, papo hapo kwenye vipande.

Mama hakunifokea, na hilo ndilo liliniumiza. Alichukua mkasi mkononi mwangu, akautundika kwenye msumari wake. "Alhamisi ijayo wanakuja kuchukua," alisema. "Jumapili wanaimba. Wewe mkasi huu hutaugusa mpaka nione kichwa chako kimerudi. Kisiporudi, utabaki kwenye vifungo na pasi, na mimi nitatafuta mkataji mwingine."

Basi nikapiga pasi. Nilipiga pasi siku mbili nikiwa na kichwa kinagonga, mpaka Mama akanituma zahanati. Malaria hakuna, presha hakuna. Muuguzi, dada mmoja mpole, aliniuliza, "Unalala?" Nikasema kidogo. "Unakula?" Nikasema nikikumbuka. Akaweka kalamu chini. "Mdogo wangu, hapa sina dawa ya kukupa leo. Nenda kaandike vyote vinavyokuzunguka kichwani, uvione kwa macho. Ukiona bado usingizi hauji, rudi, tuna mtu wa kuongea na wewe taratibu. Usione aibu, wanakujaga wengi."

Daftari sikuwa nalo. Nikachukua lile la vipimo la ofisini, nikafungua kurasa za nyuma. Kurasa hizo zimeshapigwa mistari: mwenye nguo, ameleta kitambaa gani, bega, kifua, urefu, anakuja lini kuchukua. Nikaanza kujaza. Mguu wa mama. Pamba ya shangazi. Jirani na mumewe. Dada wa saluni. Mtihani wa mdogo wangu. Mbuzi wa babu anayekohoa. Duka la Iringo. Niliandika mpaka nikaingia ukurasa wa tatu, na nikaona aibu, maana kwenye daftari la vipimo mbuzi naye alikuwa na mstari wake.

Mama alinikuta. Akavaa miwani, akasoma bila haraka, kama anavyosoma oda.

"Huyu jirani yako na mumewe. Alikuletea kitambaa?"

"Mama?"

"Nauliza, alikuja akakuambia nisaidie hivi na hivi?"

"Hapana. Nilimwona tu amenuna pale bombani."

"Kumbe hajaleta kitambaa. Sasa unamshonea nini?"

Mwenzangu mmoja akadakia kutoka kwenye cherehani, "Anamshonea kwa macho, Mama!"

"Nyamaza wewe, pindo lako limepinda." Mama akashuka na kidole. "Dada wa saluni?"

"Hajaleta."

"Mbuzi?"

Nikashindwa, nikacheka. Mbuzi naye hakuwa ameleta kitambaa.

Tulikwenda hivyo mstari kwa mstari. Asiyeleta, tunampiga mstari. Mguu wa mama ulibaki, maana aliniomba nimpeleke hospitali Jumatano, siku ipo na mwenyewe yupo. Mtihani wa mdogo wangu tukauandika upya: mwenye nguo ni yeye, mimi kazi yangu ni kumwamsha asubuhi. Duka la Iringo Mama hakuligusa. "Hilo ni lako," alisema, "ila halijafika siku ya kupimwa. Liache likae." Kwenye pamba ya shangazi nikasema sijui kama ameleta. Na mwisho wa ukurasa, kwa maandishi madogo kuliko yote, kulikuwa na blauzi nane. Mwenyewe yupo. Kitambaa kililetwa, na nimekiharibu. Siku ya kuchukua inajulikana. Katika kurasa tatu, jambo lililokuwa langu kabisa nilikuwa nimelificha chini ya mbuzi.

"Nitakwenda mwenyewe," nikamwambia Mama. "Nitatafuta kitambaa Bunda walikokinunua. Nikikosa, nitawaambia akina mama kwa mdomo wangu."

Magrupu kumi na nne nilijitoa asubuhi iliyofuata. Katika mojawapo mtu aliandika, "Kwani huyu nani aliyetoka?" Nikasikia raha ya ajabu.

Bunda nilizunguka maduka yote ya vitenge. Muuza duka wa mwisho aliitazama blauzi yangu, akasema korongo waliisha na hawarudi, wameshakuja tausi. Nikapita kwa shangazi. Nilimkuta amekaa kwenye turubai anachambua pamba, safi huku, fifi, ile iliyochafuka kwa mvua, huku, anapiga soga na jirani na kucheka mpaka machozi. Nilikuwa nimejiandaa kumpa pole.

"Pole ya nini?" akashangaa.

"Shangazi, si uliniambia mvua imenyeshea pamba? Wiki nzima sina raha."

"We mtoto! Mimi nilikuwaga nakupa habari tu. Nilikupa kazi? Kula ugali, uondoke na moyo wako wote."

Nikala. Ugali na samaki wa kukaanga, nikaongeza. Nilikuwa nimesahau kwamba chakula kina ladha.

Nikapanda gari la kurudi, nikashuka Makutano, bodaboda ikanifikisha Butiama. Akina mama wa kwaya walikuwa mazoezini, kwenye mabenchi nje ya kanisa. Kichwani kulikuwa na neno moja tu, na nililisema kabla sijasalimia vizuri. "Mama zangu, nimewakatia korongo kichwa chini. Zote nane. Kitambaa kilichobaki ni cha sketi tu, na kingine hakipo dukani. Ni kosa langu, si la Mama Fundi."

Mwenyekiti wao, mama mrefu mwenye uso wa kazi, aliinuka akachukua blauzi.

"Zote nane?"

"Zote, mama."

"Yaani hata moja hukubahatisha?"

Nyuma kabisa bibi mmoja alianza kucheka, wenzake wakafuata. Mwenyekiti yeye hakucheka. Aliivaa ile blauzi juu ya gauni lake, vikwapa vikiwa na pini bado, akasimama mbele yao. Kisha akainamisha kichwa kutazama kifua chake.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Mimi nikiinama hivi, korongo wangu wamesimama vizuri kabisa."

"Kweli?" bibi wa nyuma akauliza.

"Njoo uone. Wananitazama usoni. Wanaoona kichwa chini ni nyinyi mliokaa huko."

Wakaja wote. Wakavaa kwa zamu, kila mmoja anainama, anapiga kigelegele. Sauti ya kwanza na ya pili wakabishana kama korongo wa kwao wanaona mbali zaidi. Bibi yule wa nyuma akasema maisha yake yote amevaa nguo za kupendeza watu wengine, hii moja acha impendeze yeye mwenyewe.

"Sketi umekata?" mwenyekiti akaniuliza.

"Bado, mama."

"Basi zikate hivyo hivyo, nazo zitutazame sisi. Juu hivi na chini vile tutaonekana tumepotea. Wote wakiwa upande mmoja watajua tumekusudia." Akaanza kukunja blauzi. "Na mwambie Mama Fundi sketi ukate wewe. Akikata mwingine si atawageuza wasimame!"

Nilipomfikishia Mama ujumbe huo alitazama dari, akajikaza, midomo ikamshinda. "Kwaya nzima imewehuka," akasema. Halafu akanyoosha mkono msumarini.

Nilikata sketi Jumanne. Nilikagua picha mara ya kwanza, nikakagua mara ya pili, nikapiga chaki, na kichwani kulikuwa na kitenge peke yake. Nilikuwa sijui kwamba kukata kuna sauti nzuri vile, kama mtu anatembea kwenye majani makavu. Katikati ya sketi ya tano mlango ukafunguka. Jirani yetu wa Kitaji akaingia, mtoto mgongoni, anahema.

"Shoga, hujasikia! Jana huyu baba watoto..."

Zamani ningeangusha kila kitu. Nampenda, hilo halijabadilika.

"Kaa hapo kwenye benchi, dada," nikamwambia. "Nikikata hizi nne zilizobaki nakusikiliza wewe peke yako."

Akakaa. Nilipomaliza na kugeuka, alikuwa amesinzia, mtoto amesinzia, mdomo wazi wote wawili. Nikavua kitenge changu cha kiunoni, nikawafunika miguu, nikaanza kuunga sketi ya kwanza.