Babu wa Mstari wa Kumi na Moja

Miaka miwili iliyopita nilikwenda Tanga likizo, na siku ya tatu tu nikagombana na mtu msibani. Najua msibani hapagombwi. Lakini jamaa mmoja wa mbali, mtu mzima na ndevu zake, alikaa kwenye jamvi akasema babu yake bibi yangu alikwenda Landani, akapata mwanamke wa Kizungu, akasahau mke na mtoto. Alisema huku anacheka na kuchokonoa meno. Bibi yangu alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, anasikia kila neno.

Nikasimama. Niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa. Watu wakanishika mabega, shangazi yangu akanivuta mpaka uani akaniuliza kama huko Ulaya nilikwenda kusafisha ndege au kujifunza ukorofi. Nikamwambia ukorofi niliondoka nao hapahapa.

Bibi hakunigombeza. Jioni yake aliniita, akanikalisha kitandani kwake, akanieleza habari ambayo mimi nilikuwa naijua vipande vipande tu.

Babu yake alichukuliwa melini mara baada ya vita vya kwanza vya Wazungu, akawa mchochea makaa. Alimwacha mke, na mtoto wa kiume wa miaka saba, ambaye ndiye baba yake bibi. Baada ya miaka miwili mwenzake mmoja wa melini alirudi, akasema amemwacha Landani, anakohoa, kwenye nyumba ya mabaharia karibu na gati. Basi. Habari ikaishia hapo. Mke hakukaa eda, maana hakuna aliyemwambia mumewe amekufa. Hakuolewa tena, maana hakuna aliyemwambia ameachwa. Alizeeka hivyo hivyo, si mjane si mke. Na mtoto naye alipokuwa anakata roho alimshika bibi mkono akamwambia babu yako hajasomewa hitima, ukipata habari yake ya kweli umsomee.

Bibi sasa anakaribia miaka tisini. Anajua fika kwamba babu yake hayuko duniani, si mjinga. Alichotaka ni mtu mmoja aje amwambie kwa kinywa chake: alikufa mahali fulani, amelala mahali fulani.

"Wewe si unakaa hukohuko?" aliniambia. "Nenda kaniulizie."

Kama vile Landani ni mtaa wa nyuma. Lakini nilimwambia nitakwenda kuuliza, na mimi nikimwahidi mtu wangu kitu, nimeahidi.

Mimi shule yangu ni kidato cha nne, tena cha kubahatisha. Kiingereza changu nimekiokota kwenye mifuko ya viti vya ndege, magazeti na vitabu abiria wanavyoviacha. Habari za kutafuta kumbukumbu hakuna aliyenifundisha. Nilijua tu kwamba nchi hii watu wake wanaandika kila kitu. Nikaja kugundua kwamba kila baada ya miaka kumi wanahesabu watu nyumba kwa nyumba, na hizo fomu zinafungiwa miaka mia moja, halafu zinafunguliwa, yeyote anazisoma. Sensa ya baada ya vita ile imeshafunguliwa. Maktaba moja karibu na kwangu hapa Hounslow, magharibi ya Landani, ina kompyuta unayoweza kuisomea bure.

Basi nikawa natoka shifti ya asubuhi, sibadilishi hata nguo, naingia maktaba. Miezi. Nilijifunza kusoma mwandiko wao wa kale, herufi zimelala kama nyasi zilizopigwa na upepo. Nilijifunza nyumba za mabaharia zilikuwa mitaa gani. Nikapata nyumba moja mashariki ya mji, wanaume kumi na wanne kwenye fomu moja, Wasomali, Waarabu, watu wa Bombay. Mstari wa kumi na moja nikaliona jina letu.

Nasema jina letu kwa sababu ndugu zake bibi wote wanaliandika mwisho kwenye pasipoti. Ndilo jina la babu yao. Kwa hiyo mimi nilipoulizwa na kompyuta jina la ukoo, niliandika hilo, na kompyuta ikanitolea mtu. Mchochea makaa melini. Amezaliwa Zanzibar. Umri, miaka kumi na tisa. Hajaoa.

Nikausoma mstari ule tena. Halafu nikaanza kumtetea. Miaka kumi na tisa haiwezekani, wakati ule mtoto wake ana karibu miaka tisa. Nikasema karani alikuwa mvivu. Hajaoa? Mwenye nyumba ndiye aliyejaza fomu, hakumuuliza, nani atamsumbukia mtu mweusi anayekohoa kitandani amuulize una mke? Zanzibar? Kwa Wazungu wa enzi hizo pwani yetu yote ilikuwa Zanzibar. Kila doa nililiosha. Mimi ndivyo nilivyo na watu wangu. Namtetea mtu hata kabla hajashtakiwa, na nikishaanza kumtetea siwezi kusikia kitu kingine.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda treni mpaka huko mashariki. Ile nyumba haipo. Pamejengwa ghorofa za vioo, chini kuna duka la kahawa. Nikasimama pale ilipokuwa, nadhani kama nusu saa, mpaka mlinzi akatoka, Mnigeria, akaniuliza namsubiri nani. Nikamwambia babu yangu. Akauliza anakaa ghorofa ya ngapi. Ningeweza kumjibu vibaya, siku nyingine ningemjibu vibaya, lakini aliuliza kwa adabu. Nikamwambia alikaa hapa miaka mia iliyopita. Yule mlinzi akatazama juu kwenye vioo, akatazama chini, akasema nisimame tu nitakavyo.

Kifo chake nilikipata kwenye kumbukumbu za vifo baada ya wiki tatu. Jina lilelile, miaka ishirini na moja, hospitali ya mitaa hiyohiyo, ugonjwa wa kifua. Ofisi ya makaburi nilipiga simu mara nne, mara mbili nikawakatia kwa hasira, mara ya nne mama mmoja akanitafutia kwenye daftari. Kaburi la pamoja, la watu wasio na jamaa, sehemu ambayo sasa imeota miti. Akanitumia ramani.

Nilikwenda na mvua. Hakuna jiwe, hakuna namba, majani tu ya mwaka jana yaliyooza. Nikasimama nilipokadiria ndipo, nikasoma Fatiha, halafu nikamsemesha Kiswahili, maana nilifikiri pengine hajasemeshwa Kiswahili tangu aingizwe mle. Nilimwita babu. Nikamwambia mwanao alikua, akaoa, akazaa. Nikamwambia mkeo alikungoja. Nililia, sioni haya kusema.

Nikampigia bibi nikamwambia nimempata. Jina letu liko kwenye karatasi ya serikali, na kaburi nimelikanyaga. Akasema Alhamdulillahi, akampa shangazi simu, na shangazi akasema hitima itakuwa Ijumaa ya wiki ya tatu, watu wa Pangani waambiwe mapema.

Shangazi ndiye aliyetaka ile karatasi. Alisema niitafsiri, neno kwa neno, isomwe mbele ya watu, yule mwenye ndevu awepo asikie kwa masikio yake. Wazo hilo nililipenda sana. Jumanne ya wiki ya hitima nikakaa jikoni na ile fomu, naandika.

Nakaa nyumba moja na dada wa Kikenya, Mtaita, anahudumia wazee kwenye makazi yao. Alikuwa anakaanga sukuma wiki, akawa anachungulia juu ya bega langu. Akauliza babu yetu aliitwa nani. Nikamwambia. Akaniuliza, na baba yake? Nikamtajia vilevile.

"Sasa mbona hapa jina la babu yenu ndilo limekaa nyuma?" akasema. "Huku nyuma si ni pa baba? Huyu hapa ana jina lingine kabisa mbele."

Nikamwambia Wazungu waligeuza. Akasema hawa wengine kumi na tatu mbona hawakugeuzwa. Nikamwambia aangalie mboga zake. Akacheka.

"Aki wewe," akasema, "unaweza kugombana hata na karatasi."

Nikachukua karatasi zangu nikaenda chumbani, na sukuma yake sikuila.

Asubuhi niko kwenye basi kuelekea kazini, na kitambulisho changu shingoni. Pale uwanja wa ndege msimamizi wetu ananiita kwa jina la mwisho lililoandikwa kwenye kitambulisho. Hilo si jina langu. Ni la babu yangu, mumewe bibi. Nimeitika jina la babu yangu miaka sita, na siku moja haikunipitia akilini. Kwetu mtu hana jina la ukoo. Ana jina lake, la baba yake, la babu yake, basi, na kila kizazi linasogea. Jina ambalo ndugu zake bibi wanaliandika mwisho, yule baharia mwenyewe angeliandika mwanzo. Niliyempata mimi ni mtu ambaye baba yake ndiye aliyeitwa hivyo. Kijana wa miaka kumi na tisa, hajaoa, mzaliwa wa Zanzibar, kama alivyosema mwenyewe. Hakuna aliyekosea kwenye ile fomu isipokuwa mimi.

Nilishuka kituo kimoja kabla nikatembea. Nilikuwa namwonea hasira nani sijui.

Mchana nilirudi maktaba nikamtafuta babu kwa jina lake mbele, la baba yake nyuma. Nikageuza. Nikajaribu kila mtaa wa gati. Hayumo.

Ilikuwa Jumatano. Ijumaa inakuja. Nilifikiria kunyamaza tu, bila kusema uongo mwingine. Bibi angesoma hitima yake, moyo ungetulia, na hakuna mtu Tanga angekuja Landani kukagua. Dada yule wa Kikenya nilimrudia jioni, nikamwomba radhi kwanza, halafu nikamuuliza angekuwa yeye angefanyaje. Akasema yeye kila siku anakaa na wazee wanaodanganywa kwamba watoto wao wanakuja kesho.

Alhamisi asubuhi nikapiga simu. Nikasema shikamoo, nikasema moja kwa moja, kwa sababu ningezunguka ningekimbia.

"Bibi, yule niliyekuambia, si yeye."

"Nani si yeye?"

Nikamweleza jina lilivyokaa, na umri, na kwamba hakuwa na mke. Nyuma nikamsikia shangazi anapaza sauti, mbuzi ameshafungwa, maturubai yameshaletwa, watu wa Pangani wako njiani, huyu mtoto anatufanya sisi wendawazimu. Bibi akamwambia anyamaze.

"Kaburini ulimsomea?" akaniuliza.

"Nilimsomea."

"Ukamwitaje?"

"Nilimwita babu."

"Ana mtu huyo?"

"Hakuna aliyeandikwa, bibi. Alizikwa na wasio na jamaa."

"Na babu yangu?"

"Sijampata. Labda siku ya kuhesabiwa alikuwa baharini. Labda alishakufa kabla."

"Labda," akasema.

Akasema ningeweza kunyamaza na yeye asingejua. Nikamwambia najua. Akauliza kwa nini basi sikunyamaza. Nikasema baba yake alimwambia asome akipata habari ya kweli, na mimi habari niliyompelekea haikuwa ya kweli.

"Mume wangu," akasema, ndivyo anavyoniita tangu utoto, kwa utani wa bibi na mjukuu, lakini safari hii hakukuwa na utani. "Habari ya kweli ndiyo hiyo uliyonipa. Umetafuta, hayumo. Mimi nimengoja mpaka meno yameisha, na mama yake baba yangu aliingia kaburini anangoja. Kesho tunasoma. Nipe na jina la huyo mwingine. Litaje taratibu, nalishika."

Nikalitaja mara tatu. Akalirudia bila kukosea.

Ijumaa nilikuwa zamu. Huko ni baada ya Alasiri, huku ni mchana, saa yangu ya chakula. Shangazi, bado amenuna, aliacha simu dirishani nikasikiliza, nimekaa kona ya kantini na sahani yangu imepoa. Shekhe alisoma majina mawili. Kwanza la babu na la baba yake. Halafu la yule kijana, na la baba yake, ambalo ni sawasawa na la babu. Yakafuatana, baba na mwana. Mtu mmoja, nikaijua sauti, ni yule mwenye ndevu, akamuuliza bibi tangu lini babu alikuwa na mtoto wa pili.

"Tangu jana," bibi akamjibu.

Baadaye watu wakiwa wanakula, shangazi akampa bibi simu. Alikuwa amechoka, sauti ndogo. Akaniambia wamekuja wengi, wali ulitosha, mvua imejizuia. Halafu akasema, "Marehemu babu angefurahi."

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akimtaja babu yake kwa neno marehemu. Yeye mwenyewe nadhani alilisikia pia, maana alilisema tena.