Kadi Nene ya Futi

Ukitaka kumjua Futi usimtazame usoni, mtazame shingoni. Hapo huning'inia futi ya kupimia, ya rangi ya njano, iliyofutika namba kuanzia moja hadi nne kwa kushikwashikwa. Ndiyo iliyompa jina, na siku hizi hata kaka yake wa tumbo moja humwita hivyo. Ni mshonaji. Ila nisije nikasemwa kuwa nimedanganya, maana kuna jambo moja ambalo washonaji wote hulifanya na yeye hakuwa akilifanya hata kwa bahati mbaya. Futi hakuwa akikata.

Alipima, alishona, alitia vifungo, alipiga pasi hadi koti likakaa kama lina mtu ndani. Mkasi, hapana. Kwa miaka kumi na minane mkasi ulikuwa mali ya wifi yake, mke wa kaka yake, na wawili hao walifanya kazi katika chumba kimoja chenye mlango wa bluu unaofunguka nusu tu, kwa sababu meza ya kukatia iliingizwa kabla mlango haujatiwa na sasa haitoki. Wifi alikata na kutoa amri. Nyuzi alichagua wifi, bitana alichagua wifi, hata chai iwe na sukari kiasi gani aliamua wifi. Futi alinung'unika kidogo na kufuata.

Woga wa mkasi ulianza alipokuwa bado anajifunza kazi. Mteja mmoja alileta kitambaa cha kijivu alichokitunza tangu alipooa. Futi akakata mikono miwili ya koti, safi kabisa, yote ya kushoto. Hakikubaki kitambaa cha kutosha hata kuziba mfuko. Yule mteja hakugomba, na afadhali angegomba. Alikunja vile vipande kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wake, akasema asante, akaenda zake. Tangu siku hiyo, Futi akiweka mkasi juu ya kitambaa cha mtu, vidole vilikuwa vinakufa ganzi.

Basi mwaka jana kaka yake akahamishwa kikazi kwenda mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na wifi akamfuata mumewe kama ilivyo ada. Futi alilia siku mbili. Siku ya tatu kaka akamletea kompyuta ya mkononi, mojawapo ya zile zilizokuwa zikibadilishwa ofisini kwake, yenye kioo cha kuandikia kwa kalamu yake. Akamwahidi kwamba wifi naye atapata ya kwake, ya aina nyingine. Mpango ulikuwa rahisi. Futi ampime mteja na kumchora kwenye kioo, mbele, nyuma na ubavu, pamoja na namba zake. Kadi ya kumbukumbu yenye michoro na jora la kitambaa vipakiwe kwenye basi, ambalo hubeba mizigo kwenda Jumatatu na kurudi Alhamisi tu, wifi akate, vipande virudi kushonwa. Kazi ingeendelea na Futi asingeshika mkasi.

Kazi ya kwanza ya maana ilikuwa makoti ishirini na mawili ya bendi ya tarumbeta. Kiongozi wa bendi, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kuamsha mtaa, alisema mashindano ni Jumamosi baada ya ijayo, na kwamba makoti ya mwaka jana yalipasuka mgongoni watu wakicheka.

"Mama, mimi sitaki urembo," alisema. "Nataka koti linalopumua."

Futi alielewa. Kila mpigaji alimpima mara mbili, kwanza amekaa kimya, kisha amejaza pumzi kama anapiga ile noti ndefu. Tofauti aliiweka kwenye mchoro kwa nukta ndogo mgongoni, kila nukta upana wa kidole. Alikuwa amefika mtu wa sita kompyuta ilipomwandikia kwamba imejaa.

Akamwambia mtu wa saba abaki na pumzi yake, akatoka mbio kwa Mzee wa Betri.

Mzee wa Betri ana duka chini ya ngazi za jengo la posta, na ukitaka kusimama wima ndani yake inabidi uwe mfupi. Anauza betri, antena, saa zilizokufa na saa zinazokaribia kufa. Aliigeuza ile kompyuta, akapuliza vumbi.

"Hii ina midomo miwili," alisema. "Mdomo mpana unakula kadi nene. Mdomo mwembamba unakula kadi nyembamba. Chagua."

Akaziweka zote mbili juu ya kabati la kioo. Kadi nene ilikuwa pana, ngumu, na ilibeba picha mia tano bila kuhema. Kadi nyembamba ilikuwa ndogo kuliko kipande cha chaki ya kushonea, na ilibeba thelathini tu, kwa hiyo angehitaji tatu kwa bendi nzima.

Futi akafanya anachofanya dukani akinunua kitambaa. Akaishika ile nene kati ya kidole gumba na cha shahada, akaisugua. Akaipima uzito kwenye kiganja. Akainusa.

"Sasa unainusa ya nini?" Mzee aliuliza.

"Niache. Kitu kizito ndicho kinachovaliwa miaka." Akaichukua nyembamba, akaidondosha mezani, ikateleza nusura iingie kwenye ufa. "Na hii hapa, kwangu itafagiliwa pamoja na vipande vya vitambaa vya chini ifikapo saa nne asubuhi. Nipe nene."

"Subiri kwanza. Nyembamba inaingia karibu kila mashine. Nene ina wenyewe. Huyo wifi yako mashine yake ina mdomo gani?"

Hapo ndipo Futi alipotakiwa kupiga simu. Simu ilikuwa mkononi, ina chaji, ina salio. Lakini kumpigia wifi maana yake ni wifi kuchagua, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane Futi alikuwa amesimama peke yake mbele ya vitu viwili. Utamu wa jambo hilo ukampanda kichwani.

"Ni kompyuta ile," alisema. "Itakula inachopewa."

Mzee akatikisa kichwa na kumfungia kadi nene kwenye karatasi. Jioni hiyo ishirini na wawili wote walikuwa wamepimwa na kuchorwa. Jumatatu bahasha na jora la kitambaa chekundu vikapanda basi. Futi alirudi nyumbani akijisikia mtu mzima.

Jumanne asubuhi simu ikalia.

"Wewe Futi!" Sauti ya wifi haikuhitaji simu. "Umeniletea nini hiki? Tofali?"

"Kadi, wifi."

"Kadi gani? Mashine yangu ina kimdomo cha sindano. Hiki hakiingii hata nikipige nyundo."

Futi akakaa juu ya jora la bitana. Alisikia masikio yakiwaka moto. "Nitanunua nyembamba. Nitaomba kwa Mzee aihamishe, niitume."

"Utaihamisha kutoka wapi, na kadi iko kwangu? Basi lirudi Alhamisi, wewe uhamishe, utume Jumatatu, nikate, nirudishe Alhamisi, mashindano Jumamosi. Makoti ishirini na mawili kwa siku moja? Una mikono mingapi?"

"Basi njoo wewe, wifi."

"Na kaka yako nimwachie nani? Mguu wake uliovunjika bado uko kwenye plasta, hata maji hajiletei, anaita tu. Nakurudishia kadi na jora Alhamisi. Kata mwenyewe."

"Mimi?"

"Hapana, Mzee wa Betri. Wewe!"

Na simu ikakatwa.

Siwezi kusema Futi alikuwa shujaa siku hizo mbili. Alikosa hamu ya kula. Alikwenda kumlaumu Mzee wa Betri kwa kutomkataza, na Mzee, ambaye alimkataza, akamsikiliza hadi mwisho na kumpa kiti. Futi alijua wazi kilichokuwa mbele yake. Makoti yakiharibika, bendi itapanda jukwaani na matambara, kitambaa hakitalipika, na ule mlango wa bluu ataufunga mwenyewe aende kushonea watu vifungo barazani. Yote hayo kwa kuchagua kitu kimoja peke yake. Ilimuuma kweli.

Alhamisi jora likarudi. Asubuhi yake akalitandaza mezani, akaingiza kadi kwenye kompyuta, akafungua mchoro wa kwanza, wa mpiga ngoma mmoja mwembamba. Akaanza na huyo kwa sababu ngoma haihitaji pumzi. Akachora kwa chaki. Akafuta. Akachora. Akakata mikono miwili ya mfano kwenye gazeti, akaigeuza, akaivaa, akahakikisha mmoja ni wa kulia. Akampigia wifi.

"Wifi, chaki nianze begani au ubavuni?"

"Wewe unaonaje?"

"Begani."

"Basi unaniuliza nini? Maharage yangu yanaungua."

Akashika mkasi. Vidole vikafa ganzi kama kawaida, akangoja, havikupona, akakata hivyohivyo. Kitambaa chekundu kikafunguka kwa sauti ile aliyoisikia maisha yake yote kutoka upande wa pili wa chumba. Koti la kwanza lilimchukua asubuhi nzima. La pili nusu ya muda huo. Alipofika la tano aligundua kwamba amekuwa akiimba, na kwamba vidole vilipona bila kumwarifu.

Alimpigia wifi mara tisa katika siku hizo, na mara zote tisa wifi alikuwa na haraka: maharage, kaka yako, mvua, nguo zimeanikwa. Futi alimwona mtu asiye na huruma. Alishona kwa hasira, na hasira ikamsaidia kunyoosha mishono.

Alhamisi iliyofuata wifi mwenyewe akashuka kwenye basi, kaka amemwachia jirani, akiwa na mkoba mkubwa ambao hakutaka mtu aupokee. Aliingia kwa ubavu mlango wa bluu, akageuza makoti nje ndani, moja baada ya jingine, akavuta mishono, akanusa pasi. Futi alisimama pembeni ameshika futi yake kwa mikono miwili.

"Chai ina sukari kidogo," wifi alisema mwishowe, na hilo ndilo kosa pekee alilolipata.

Jumamosi waliketi kwenye viti vya mbele vya uwanja. Bendi ikaingia, nyekundu tupu, vifungo vinang'aa. Kiongozi akainua fimbo yake. Wapigaji wakajaza vifua kwa pamoja, na Futi akafumba macho akisubiri sauti ya kuchanika. Ikaja noti ndefu, ikaendelea, ikaendelea, ikaisha. Migongo yote mizima. Watu wakapiga makofi na Futi akalia waziwazi, bila kujificha.

Wifi akatoa kompyuta yake ampige picha kiongozi. Ndipo Futi akakumbuka kinyongo chake. Kadi nene alikuwa nayo kwenye pochi. Aliibeba kila mahali kama ushahidi.

"Hebu niuone huo mdomo ulioikataa kadi yangu," alisema, na kuichukua ile mashine. Akaigeuza. Akaisogeza kadi juu yake. Ikaingia. Ka! Michoro yote ikajipanga kwenye kioo.

Wifi akawa anaitazama bendi kwa makini sana.

"Wifi."

"Mm."

"Inaingia."

"Mashine hizi zina siku zake."

"Wifi!"

"Eh, inaingia! Iliingia tangu Jumanne ile, niliinakili michoro yote kabla ya kuirudisha kadi. Ulitaka nifanye nini? Miaka kumi na minane nimekungoja ushike mkasi, na mimi siko tena chumba kile. Leo makoti yanapanda basi, kesho mguu wa kaka yako, keshokutwa mimi ni mgonjwa. Ungekula nini?" Akauvuta mkoba na kuufungua. Ulijaa karatasi za mifuko ya saruji zilizokatwa migongo, mikono na kola, seti ishirini na mbili, kila moja imefungwa uzi. "Nilikaa nazo hizi tayari. Kila ulipopiga simu nilijiambia, akisema ameharibu hata koti moja, napanda basi. Hukusema. Ulikuwa unaniuliza mambo unayoyajua."

Futi alitaka kukasirika. Aliitafuta hasira, hakuiona. Alichokuwa nacho kilikuwa upendo mwingi usio na pa kuuweka, kwa hiyo akachukua seti moja ya karatasi na kuanza kuikagua, maana ndivyo alivyozoea. Ilikuwa ya mpiga tarumbeta kubwa kuliko zote. Akatandaza mgongo wake mapajani, akavuta futi shingoni, akapima. Akapima tena.

"Wifi, nukta umeziweka wapi?"

"Nukta gani?"

"Hizi, mgongoni. Tatu. Ni pumzi yake. Ulipaswa kuongeza vidole vitatu."

Wifi akaisogeza mashine karibu na macho. Akakisugua kioo kwa kidole gumba, akasugua tena.

"Mimi nilidhani ni uchafu," alisema polepole.

Wakatazama uwanjani. Mpiga tarumbeta kubwa alikuwa akijaza kifua kwa wimbo wa pili, na mkunjo wa mgongo wa koti lake jekundu ukafunguka kadiri ya vidole vitatu, ukatulia.

"Huyo kwangu angechanika," wifi alisema.

"Angebaki na kola tu."

Wifi akakunja zile karatasi, akazirudisha mkobani, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akauliza kabla ya kuamua. "Sasa mimi ninunue kadi gani?"

Futi akairudisha futi shingoni, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Nene," alisema. "Na uinuse kwanza."