Rubani wa Ndege ya Miaka Sita

Mchora mabango huyu hana papara. Kwa miaka sita amekuwa akichora kwenye kompyuta ubavu wa ndege moja ya kivita ya zamani, na kila anapoikuza picha ili atie ribiti nyingine, pini ya kuunganishia mabati, ulimi humtoka kama mtoto anayejifunza kuandika. Kikwazo ni baba mkwe wake, fundi mstaafu aliyezitengeneza ndege za aina hiyo ujanani. Kila Jumapili mzee huvaa miwani, hukohoa, kisha hutoa hukumu: "Bomba la moshi limekaa chini mno, mwanangu." Mchoraji hujibu, "Sawa, baba," akafuta huku akisaga meno.

Jumapili iliyopita alimchora rubani akampa sura ya mzee mwenyewe, upara na masharubu, kisha akamgeuzia mzee kompyuta. Mzee akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mlangoni, mke wa mchoraji aliziba mdomo asicheke.

"Na bomba je, baba?" mchoraji akauliza kwa sauti ya unyenyekevu wa uongo.

"Bomba liache hapo hapo," mzee akasema, akijipapasa kichwa. "Ila wakati ule nilikuwa na nywele."

Mchoraji akampa nywele, tena nyingi, na ndege ikaisha siku hiyo hiyo.