Mlango Alioufunga Mama

Kwetu Kindu neno vita limebebeshwa mizigo kupita kiasi. Ukiuliza kwa nini reli imeota majani, unajibiwa vita. Mwanamume aliyemtelekeza mkewe akaoa mwingine ng'ambo ya mto, ukimkumbusha anashusha macho na kusema ilikuwa wakati wa vita, na wote waliokaa barazani wanatikisa kichwa kukubali, hata mke mwenyewe akiwepo. Neno hilo limenichosha. Na kinachonikera zaidi ni kwamba mimi nimelitumia vibaya kuliko wote, tena nikiwa kazini.

Kazi yangu ni kusikiliza watu. Nipo katika nyumba ya kusikiliza, ndivyo tunavyoiita, chumba chenye viti viwili na pazia, wanakokuja wale ambao mambo ya miaka ile hayajawatoka kichwani. Kabla ya hapo nilisoma Kisangani. Tulikuwa na profesa mmoja mkali, asiyependa kuona mtu ameinamia daftari, aliyetufundisha tiba ya nafsi iliyozaliwa na falsafa. Alituambia kwamba wanafalsafa fulani wa Ulaya walichoka kubishana juu ya sababu za mambo, wakasema turudi kwenye jambo lenyewe, jinsi linavyomtokea yule anayeliishi. Weka kando unachodhani unakijua. Mwache aliyeona aseme alichoona. Baadaye waganga wa nafsi wakaichukua njia hiyo wakaipeleka kwa wagonjwa wao, wakaongeza neno moja gumu: mtu si yale aliyotendewa tu. Hata alipobanwa pande zote kuna kidogo alichokichagua mwenyewe, na ukimpokonya hicho kidogo kwa sababu unamhurumia, umemfanya kitu.

Nilipata alama nzuri sana. Niliandika kurasa kumi na mbili juu ya uhuru wa binadamu, nikasifiwa mbele ya darasa. Upuuzi mtupu, maana nilikuwa sijamsikiliza mtu hata mmoja.

Niliporudi Kindu nikapewa fishi, karatasi ya maswali yenye visanduku vya kutia alama. Je, ana hisia za hatia? Ndiyo, hapana. Chini yake: baada ya vikao vitano, zimepungua? Basi kazi yangu ikawa kupunguza hatia, kama mpishi anayepunguza chumvi kwenye mboga ya sombe. Sentensi yangu ilikuwa tayari: si kosa lako, ilikuwa vita. Wengine niliwaambia hata kabla hawajakaa vizuri. Leo nikizikumbuka nyuso zao, jinsi zilivyokuwa zinajifunga polepole wakati mimi natia alama, naona haya.

Mji ulipozingirwa nilikuwa na miaka kumi. Wenye bunduki wa mjini walikuwa ndani, wenye bunduki wa porini walikuwa nje, nasi katikati, hatuwezi kufika mashambani kwetu. Tulikula majani ya mihogo bila mihogo yenyewe. Mdogo wake mama aliishi nje ya mji, kwenye njia ya Kibombo, na mumewe alikuwa ameingia porini. Kila mtu mjini alijua maana yake. Nyumba itakayompokea mke wa mtu wa porini, watu wake watachukuliwa wote. Majirani wa nyumba ya tatu walichukuliwa hivyo, baba, mama na bibi kizee asiyeweza kutembea, na hatukuwaona tena.

Mama mdogo alikuja alasiri, mvua ikinyesha, na binti yake wa miaka miwili mgongoni. Sisi watoto wanne tulikuwa chini ya kitanda, mama ametulaza hapo na kutufunika mkeka tangu aliposikia risasi upande wa stesheni. Nilisikia mlango unagongwa. Sauti niliitambua, ila maneno yalimezwa na mvua kwenye mabati. Kupitia tundu la mkeka nilimwona mama amesimama, mkono juu ya komeo, hasogei. Kugongwa kukaisha. Mtu mmoja alisema alimwona mama mdogo akifuata reli kuelekea kusini, na baada ya hapo hakuna aliyemwona, yeye wala mtoto.

Njia zilipofunguka, tulimswalia bila maiti. Watu walikaa matanga siku tatu. Siku ya pili mama alianza kusema, mbele ya wanawake wote, "Miye nili..." Hakumaliza. Walimzunguka, wakamshika mabega, wakamwambia nyamaza mama, njo vita, ndiyo vita hiyo. Mjomba naye akaja kurudia hivyo hivyo. Walifanya kwa upendo, sikatai. Lakini walimziba mdomo, na uliendelea kuzibwa kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka jana, masika, mama alianza kufungua mlango kila mvua iliponyesha mchana. Anaufungua wazi kabisa, anasimama pembeni, na maji yanaingia mpaka katikati ya nyumba. Gunia zima la mchele lililoa. Kaka yangu akasema ni jini. Jirani akasema ni uzee. Mimi, msomi wa familia, nikaandika kwenye daftari jina la ugonjwa kwa Kifaransa na kulipigia mstari. Kila mmoja wetu alikuwa na maelezo yake, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenyewe.

Kaka alikwisha kukubaliana na mwalimu mmoja huko Kibombo amsomee mama na kukaa naye mpaka atulie. Ninajua watu wanavyotulizwa pale. Wanafungwa mguu. Pikipiki ingekuja Jumatatu, na kikao cha familia kilinipa mimi Jumapili, eti nizungumze naye kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nikishindwa, anaondoka.

Nilimkuta anachambua mchele. Nikakaa kwenye kigoda, nikaweka ile sauti yangu laini ya kazini, ambayo sasa hata mimi siwezi kuivumilia, nikamwambia kwamba ninajua mlango unamkumbusha nini, na kwamba si kosa lake, ilikuwa vita.

Mama akaweka ungo chini.

"Na weye pia," akasema. "Nilizani weye ulisoma."

Nikaanza kujitetea. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Kila muntu ananiambia vita, vita. Vita iko na mukono? Ule mulango njo miye nilifunga, na huu mukono. Nilikuwa na batoto bane chini ya kitanda, nikachagula. Munaninyanganya ata ile yenye nilifanya. Sasa nabakia nani?"

Kurasa zangu kumi na mbili juu ya uhuru hazikuwa na kitu cha kulingana na maneno hayo. Nilihisi uso unapata moto. Kwanza nilidhani ni aibu, lakini ilikuwa hasira, tena ya zamani, na haikuwa juu ya fishi wala juu ya wanawake wa matangani. Ilikuwa juu yake. Nilimpenda mama mdogo. Alikuwa ananisuka nywele, na hakuwahi kunivuta kwa nguvu. Nilimchukia mama tangu siku ile chini ya kitanda, na huku nikimchukia nilikula alichonipikia, nikakua kwa sababu alifunga komeo. Ile sentensi yangu nzuri ilikuwa inanilinda mimi nisiseme hayo.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Weye njo ulifunga. Nilikuona. Na nilikuchukia."

Hakulia. Akauchukua tena ungo.

"Aya," akasema. "Sasa tunaongea."

Tuliongea alasiri yote. Jumatatu pikipiki ilirudi tupu. Nilisimama mlangoni mbele ya kaka yangu na kumwambia kwamba mama haendi popote, mwenye jini ni yeye kaka mwenyewe. Si maneno ya mtaalamu, ninajua. Mpaka leo hanisalimii, na mama bado anafungua mlango mvua ikinyesha; tumeinua magunia tu. Fishi yake sikuijaza, na kwenye nyumba ya kusikiliza siku hizi nageuza karatasi ile kifudifudi mtu anapoingia.

Lakini Jumapili ile bado kulikuwa na kitu sijakijua. Nilimuuliza swali ambalo profesa alitufundisha na mimi sikuwa nimemuuliza mtu yeyote kwa moyo: akiufungua mlango, anaona nini? Nikamwomba asinieleze kwa nini. Anachoona tu, na anachosikia.

Akasema anamwona mdogo wake, aliyezoea kumwita yaya, yaani dada mkubwa, ameloa, mkono mmoja umeshika mlango. Anasikia maneno ambayo mimi, kwa mvua ile, sikuyasikia.

"Alisema, yaya, najua uko ndani. Miye nitaenda. Shika tu mutoto."

Chini ya mkeka ule nafasi ilikuwepo. Tulikuwa wanne, na wa tano, mdogo vile, angeenea. Nilisimama. Nilikuwa na hasira, na maneno yote ya kufariji niliyojifunza yalikuja mdomoni kwa pamoja, kwa sababu kufariji kungenipa ruhusa ya kutoka nje. Mama aliniangalia aone kama nitaondoka. Nikakaa tena. Nikamuuliza kama mtoto alikuwa analia.

"Hapana," mama akasema. "Alikuwa anacheka. Nilizoea kujificha nyuma ya ule mulango, yeye anagonga, miye natokea. Alizani njo muchezo."