Kadi Niliiua Mimi, Lawama Akabeba Fundi

Niliifungua mimi. Maneno hayo mawili tu ningeyatamka mwaka jana mbele ya wazee watano waliokuwa wakiniangalia usoni, leo nisingekuwa nawaandikia watu nisiowajua. Sikuyatamka. Niliapa kinyume chake, na mkono nimeuweka juu ya Biblia!

Jina langu sitalitaja. Yeye nitamwita Ambwene, ingawa si jina lake, maana jina lake nimeshalichafua vya kutosha.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliiacha kidato cha pili, si kwa ujinga bali kwa kutotulia. Nimekuwa utingo wa malori ya mbao Makambako, nimevuna mpunga Usangu, nimekaanga viazi stendi. Kote huko ugonjwa wangu ulikuwa mmoja: nikiona kitu kinafanya kazi, lazima nijue ndani kuna nini. Redio, saa, pampu ya maji. Vingi nilivifungua. Vichache vilifungika tena.

Ambwene alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta pale Iyunga, Mbeya, kando ya barabara kuu. Niliingia kwake siku moja kuomba kuchaji simu, nikakaa miezi minane. Hakuniuliza cheti. Alinivutia kiti, akanionyesha. Kwake ndiko nilikojifunza kuchora ramani za nyumba kwenye kompyuta, hadi watu wakaanza kuniulizia mimi.

Alikuwa na neno lake moja. "Mdogo wangu, mikono yako ina haraka kuliko akili. Siku utakayokaa na kitu mwezi mzima bila kukifungua, nakukabidhi ufunguo wa kibanda hiki."

Hakuwa anatania. Alikuwa na mchumba kule Kalenga, karibu na Iringa; nitamwita Lusia. Mpango wao ulikuwa wakishafunga ndoa wakaishi Iringa, Ambwene afungue kibanda kingine huko, na hiki cha Iyunga niachiwe mimi. Mimi, ambaye sijawahi kumiliki hata mlango!

Nikatangulia Iringa kumtafutia sehemu. Nikapanga chumba Ipogolo, huku nachora ramani zangu. Lakini kompyuta yangu ilikuwa inakwama kila nikitaka mteja aione nyumba yake kama picha kamili. Ilihitaji kadi ya grafiki, kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta kazi yake ni picha tu. Mpya nisingeiweza. Ambwene akaniuzia ya mtumba.

Hakunipa hivihivi. Niliitwa Mbeya, akaichomeka kwenye mashine yake, akaichosha kwa kazi nzito siku mbili mfululizo nimekaa pembeni nashuhudia. Haikutetereka.

"Imetumika, lakini ni nzima," akasema. "Feni moja itakuwa inalialia, isikutishe. Ikisumbua, niletee mimi. Usiifungue."

"Sawa, kaka."

"Nani kasema sawa, wewe au mikono?"

Tukacheka. Laiti ningejua ndiyo mara ya mwisho!

Nilifikisha siku kumi na tisa bila kuifungua. Kadi ilikuwa inafanya kazi kama ndoto. Mteja mmoja aliona nyumba yake kwenye skrini akataka kuingia ndani. Feni ikaanza kulialia, kama nilivyoambiwa. Sikutishika. Nilitamani tu. Chini ya zile feni kuna nini kinachojua kuchora mwanga na kivuli?

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nikafunga mlango, nikachukua bisibisi.

Aisee, kule ndani ni kuzuri! Katikati kuna kibati kinachong'aa kama kioo, niliuona uso wangu humo. Kando yake vidude vidogo vimepangwa kama punje za mtama. Nilikaa nikiviangalia kama mtu aliyeona mji kutoka juu ya mlima. Wakati wa kurudishia, bisibisi ikateleza. Nikasikia "tik!" Punje moja ikaruka.

Niliipapasa sakafuni kwa viganja hadi nikaipata chini ya kitanda. Ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kibiriti. Nikaitia kwenye kasha la kibiriti, nikafunga kadi, nikawasha kompyuta. Skrini ikajaa mistari ya kijani, kisha ikawa nyeusi.

Ningepanda basi siku ileile na kasha langu mkononi, nikasema, "Kaka, mikono imenishinda." Angenisema wee, angenuna, yangeisha. Lakini niliuona ule ufunguo ukiondoka. Nilikuwa nimebakiza siku kumi na moja tu!

Jumatatu nikaingia kibandani Iyunga. Kadi kwenye mfuko wa plastiki, kibiriti kwenye koti.

"Kaka, kadi imekufa. Yenyewe tu."

Akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga. "Umeifungua?"

"Sijaifungua."

"Niangalie."

Hapo ndipo nilipopandisha sauti, kama afanyavyo kila mwongo. "Kaka, unaniita mwongo? Umeniuzia kadi mbovu, sema tu! Sema!"

Wateja wakageuka. Mama wa duka la jirani, anayesali naye, akachungulia. "He! Ambwene, na wewe kumbe ndivyo ulivyo? Mtu wa kwaya?"

Ambwene alikuwa bado ananiangalia mimi.

Kwao mambo ya namna hiyo hayaendi polisi, yanakwenda kwa wazee wa kanisa. Jumatano tukaitwa. Wazee watano kwenye benchi, makoti mazito maana baridi ya Mbeya ilikuwa imeanza, na kadi imewekwa mezani juu ya kitambaa cheupe kama mgonjwa.

"Hiki ni nini?" akauliza mwenyekiti wao.

"Kinatoa picha, mzee," akasema Ambwene.

"Mbona kina feni? Picha zinasikia joto?"

Mmoja akacheka, akanyamazishwa. Ambwene akaishika kadi, akawaonyesha upande wa pili. "Wazee wangu, tazameni hapa. Pametoka kitu. Jeraha bichi hili, kadi imefunguliwa majuzi tu. Ilipotoka kwangu palikuwa pazima."

Miwani ikapita mkono kwa mkono. "Mimi naona vitu mia," akasema mwenyekiti. "Sasa wewe unataka nione kisichokuwepo?"

Na mimi kile kisichokuwepo nilikuwa nacho mfukoni! Nilikuwa nakigusa kwa kidole juu ya kasha.

"Ugwe, wewe kijana," mwenyekiti akanigeukia, "umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha pili, mzee. Sikumaliza."

Akawageukia wenzake. "Sasa mnaona? Mtoto hakumaliza hata shule, atajulia wapi kufungua kitu cha namna hii? Mwenye bisibisi hapa ni nani? Si fundi?"

Wakatikisa vichwa kukubali. Maisha yangu yote nimechukia kudharauliwa kwa sababu ya shule. Siku ile nilidharauliwa mbele za watu, nikashukuru! Nikainamisha kichwa kama mjinga kweli. Wakaniletea Biblia. Nikaapa kwamba sikuifungua.

Ambwene aliambiwa anirudishie hela yangu na atubu mbele ya kanisa. Hela aliirudisha palepale, na mimi nikaipokea. Kutubu akakataa.

"Nitatubu nini, wazee wangu? Nikisema niliuza kibovu nikijua, nitakuwa nadanganya."

Basi akawekwa chini ya marudi. Asiyejua, hiyo ndiyo adhabu ya kanisa: hushiriki meza ya Bwana, huimbi kwaya, na tangazo la ndoa yako halisomwi. Lake lilikuwa limeshasomwa Jumapili moja. Zilibaki mbili.

Nikarudi Ipogolo. Habari za ufunguo hakuna aliyezitaja tena.

Mwezi uliofuata Lusia akaja hadi chumbani kwangu. Alitoka Kalenga na kapu la mahindi mabichi, kwa adabu, kama anamtembelea shemeji yake. Hakukaa.

"Kamwene, shemeji," akanisalimu. "Nimekuja kwa swali moja. Baba amesema hampokei mkwe aliyetengwa na kanisa lake mwenyewe. Amempa mpaka mavuno yaishe. Ambwene naye anasema hatubu kwa kosa lisilo lake, hata akinikosa mimi. Niambie wewe. Uliifungua?"

Kibiriti kilikuwa dirishani, nyuma ya bega lake. Angegeuka tu angekiona.

"Sikuifungua, shemeji."

Akanitazama, kisha akatazama mikono yangu. "Haya," akasema. "Mahindi hayo ya kuchoma." Akaondoka.

Sikuweza kuyala. Yalikauka kwenye kapu. Niliwahi kulala na njaa maishani, lakini sijawahi kuogopa chakula kama nilivyoyaogopa mahindi yale!

Wiki chache baadaye Lusia akanitumia ujumbe mmoja tu: Jumapili hii Ambwene anatubu.

Nilipanda basi Jumamosi. Naapa, na najua kiapo changu hakina thamani tena, nilipanda nikiwa na nia. Kibiriti mfukoni. Nilijiambia nitasimama kabla yake. Nikakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Kwaya ikaimba, nafasi yake kwenye mstari wa besi wameiziba na mtu mwingine. Mchungaji akasema kuna ndugu anataka kurudi kundini.

Nilishika benchi la mbele yangu ili ninyanyuke. Nikajiambia, akifika katikati. Nikajiambia, akimaliza sentensi hii.

Ambwene akasimama pale mbele, shati jeupe, mikono nyuma. Akasema aliuza kitu kibovu akijua ni kibovu. Akasema alimdanganya kijana aliyemwamini. Akaomba kanisa limsamehe. Sauti ilikuwa kavu kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Mama yake alikuwa analia kwa furaha. Watu wakasema amina, na mimi nikaisema. Nilisema amina!

Nje alinikuta kwenye geti. Hakushangaa.

"Umekuja kusikiliza kosa lako?"

Nikatoa kibiriti, nikakifungua, nikamwonyesha. Akainama akaitazama ile punje kwa jicho la fundi, jicho lilelile alilonifundishia. Kwa muda kidogo nikadhani amesahau kila kitu isipokuwa kazi.

"Hii tu?" akasema. "Hii ndiyo uliyoificha?"

"Ndiyo, kaka."

"Ungekuja nayo siku ile ningeirudishia kwa lehemu dakika tano. Kadi ingepona." Akanisukumia kasha langu. "Dakika tano, bwana. Na ufunguo ningekupa hivyo hivyo, maana nilikuwa nimeshachonga wa pili."

Lusia alikuwa anamsubiri chini barabarani. Ambwene akamfuata.

Walioana. Mimi sikualikwa, na ningealikwa nisingekwenda. Kibanda cha Iyunga kimefungwa, sasa wanauza mkaa pale. Iringa hakufungua kingine. Baada ya kutamka mwenyewe mbele ya kanisa zima kwamba aliuza kibovu, nani atamwachia mashine yake? Analima viazi milimani kwa wazazi wake. Mikono ile! Niliambiwa hata redio ya nyumbani hataki kuigusa.

Mimi bado nazunguka. Ramani niliacha. Nikikaa mbele ya kompyuta namsikia akiuliza nani kasema sawa, mimi au mikono.

Wapo watakaosema mbona sirudi kwa wale wazee. Nimeandika barua mara mbili nikachana. Nikisema ukweli leo, yeye anakuwa mtu aliyetubu uongo madhabahuni ili aoe, na marudi yanaanza upya, sasa akiwa na mke. Ukweli nimeuchelewesha mpaka nao umekuwa sumu. Ndiyo maana nauleta hapa, kwa watu wasiotujua. Huu ndio uliopaswa kusemwa Jumapili ile.

Wewe unayesoma, kama kuna kitu cha mtu umekiharibu, usingoje upate ujasiri. Ujasiri hauji, mimi niliungoja kanisani hadi amina. Nenda leo na aibu yako hivyo hivyo, na ubebe kile kilichovunjika, hata kama ni kidogo kuliko kichwa cha kibiriti. Mpelekee anayejua kukitengeneza, wakati bado anapenda kutengeneza.

Punje yangu ninayo. Kasha limechakaa, nimelifunga kwa uzi. Halina tena wa kupelekewa.